Upasuaji wa wayo unaouma: unachopata na unachotoa

Karibu kila upasuaji wa wayo huondoa maumivu kwa kuchukua kitu kingine. Kiungo kinachouma huunganishwa kiwe mfupa mmoja, na mgonjwa hapotezi maumivu tu, hupoteza na mkunjo wake. Neva iliyonenepa hukatwa, na ngozi ya katikati ya vidole viwili hubaki na ganzi maisha yote. Kidole kilichopinda hunyooshwa, lakini huwa kifupi au kigumu kuliko zamani. Wagonjwa wengi huelezwa vizuri watakachopata. Watakachotoa huelezwa kwa haraka, mara nyingine kupitia fomu ya ridhaa inayotiwa saini asubuhi ya upasuaji wenyewe. Naamini majuto mengi huanzia hapo, ndiyo maana nitayapitia matatizo ya kawaida ya wayo nikitazama pande zote mbili.

Wayo mmoja una mifupa 26 na viungo 33, vinavyoshikiliwa na kano, misuli na ligamenti zaidi ya 100. Mambo mawili kuhusu umbile hili yanaeleza sehemu kubwa ya yatakayofuata. La kwanza ni kwamba mzigo haupotei. Ukifupisha mfupa mmoja au ukikaza kiungo kimoja, uzito uliokuwa ukipita hapo huhamia kwa jirani, na jirani naye anaweza kuanza kuuma. La pili ni kwamba wayo uko mbali na moyo na chini yake. Damu huchelewa kurudi juu, kwa hiyo uvimbe wa baada ya upasuaji hukaa miezi. Mtu aliyewahi kupasuliwa mkono au tumbo akapona upesi hushangaa kuona miezi minne baadaye kiatu chake cha zamani bado hakiingii. Hajaharibikiwa na kitu. Wayo ndivyo unavyopona.

Kinundu cha kidole gumba

Ukiutazama wayo wenye kinundu upande wa ndani, kwenye shina la kidole gumba, ni rahisi kuamini kwamba mfupa mpya umeota na kinachotakiwa ni kuuchonga. Sivyo ilivyo. Kinachojitokeza, kwa sehemu kubwa, ni kichwa cha mfupa mrefu wa kwanza wa wayo. Mfupa huo umesogea nje ya mstari, kuelekea upande uliko wayo wa pili, na kidole chenyewe kimeegemea kinyume, kuelekea vidole wenzake. Pale wanapokutana ndipo panapochomoza. Kwenye eksirei iliyopigwa mtu akiwa amesimama, pembe kati ya kidole gumba na mfupa huo kwa kawaida haizidi nyuzi 15. Ikipita 40, kupinda huko huhesabiwa kuwa kukubwa.

Hii ndiyo sababu kuchonga nundu peke yake hakufai kwa wengi. Mwaka 1923 daktari David Silver alieleza upasuaji wa kuchonga nundu na kukaza tishu laini zinazozunguka kiungo, na kwa miongo mingi watu walipasuliwa hivyo. Lakini mfupa uliokaa vibaya haukuguswa, na kinundu mara nyingi kilirudi. Tangu wakati huo zimeelezwa njia zaidi ya 100 za kutibu tatizo hili. Wingi huo wenyewe unakuonyesha kwamba hakuna njia moja inayofaa kila wayo, na daktari anayemfanyia kila mgonjwa upasuaji wa aina ileile anastahili kuulizwa kwa nini.

Njia zinazotumika sana leo hukata mfupa na kuusogeza. Kinundu kikiwa kidogo au cha wastani, mfupa hukatwa karibu na kichwa chake kwa umbo la V, kichwa kikasukumwa milimita chache kurudi kwenye mstari, kisha kikashikwa kwa skrubu. Upasuaji huu huitwa chevroni. Panapohitajika kusogeza zaidi, mfupa hukatwa kwa urefu kwa umbo la Z, na vipande viwili huteleza kimoja juu ya kingine kabla ya kufungwa. Mara nyingi huongezwa mkato mdogo kwenye mfupa wa kidole chenyewe, ambapo kabari nyembamba hutolewa ili kidole kinyooke. Mkato huo hubeba jina la Akin, aliyeueleza mwaka 1925.

Kinundu kikiwa kikubwa sana, au kiungo kilicho kwenye kitako cha mfupa ule mrefu kikiwa kimelegea, kukata karibu na kichwa hakutoshi kwa sababu chanzo cha tatizo kiko nyuma zaidi. Hapo hutumika upasuaji unaobeba jina la Paul Lapidus, aliyeuandikia miaka ya 1930: kiungo cha kitako huondolewa gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, mfupa hurudishwa mahali pake, na pande mbili hufungwa kwa skrubu au bamba la chuma hadi ziungane. Unachotoa ni mkunjo wa kiungo ambacho tangu mwanzo kilikunjika kidogo sana, kwa hiyo watu wachache huuona upungufu huo. Gharama yake halisi iko kwingine: muda wa kulinda wayo usibebe uzito wote mara nyingi ni mrefu zaidi, na ipo hatari kwamba mifupa haitaungana.

Gharama za njia zile za V na Z ni za aina nyingine. Kidole gumba hupoteza sehemu ya mkunjo wake, na wengine hubaki na ganzi upande wa ndani wa kidole kwa sababu neva ndogo hupita pale pale kisu kinapopita. Mfupa ukifupika kupita kiasi, mzigo huhamia chini ya kidole cha pili, na mtu aliyekwenda kutibiwa gumba hurudi akilalamikia sehemu nyingine. Mara chache marekebisho hupitiliza na kidole kikaanza kupinda upande wa pili, jambo linalosumbua kuliko kinundu kilivyosumbua. Na kinundu kinaweza kurudi. Kwa kijana ambaye mifupa yake bado inakua, hatari hiyo ni kubwa zaidi, ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kusubiri mpaka ukuaji ukamilike.

Siku hizi watu huuliza sana kuhusu upasuaji wa matundu madogo. Daktari hupitisha chombo chembamba kinachozunguka kupitia mikato ya milimita chache, akikata mfupa huku akiutazama kwa eksirei badala ya kuufunua. Makovu huwa madogo na maumivu ya siku za kwanza yanaweza kupungua. Ila mfupa uliokatwa hupona kwa kasi ileile, uwe umefikiwa kwa mkato mrefu au tundu dogo. Anayeahidiwa kwamba atarudi kwenye viatu vyake vya kawaida baada ya wiki mbili kwa sababu tu matundu ni madogo, ameahidiwa kitu ambacho mfupa haukijui. Na kwa kuwa daktari haoni mfupa moja kwa moja, uzoefu wake katika njia hiyo una uzito mkubwa kuliko kawaida.

Je, upasuaji unafaa kweli kuliko kusubiri? Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Finland kwa wagonjwa 209 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopasuliwa kwa njia ya chevroni, waliopewa soli maalumu za kuweka ndani ya kiatu, na walioachwa wasubiri. Baada ya mwaka mmoja kundi la waliopasuliwa ndilo lililokuwa na nafuu kubwa zaidi. Soli zilisaidia katika miezi sita ya mwanzo, kisha faida yake ikafifia. Utafiti huo uliwahusu watu ambao kinundu chao kilikuwa kinauma na hakikuwa kikubwa sana. Haumhusu mtu asiye na maumivu anayetaka wayo upendeze.

Hapo nina msimamo mkali. Kinundu kisichouma hakifai kupasuliwa. Wayo unaoonekana vibaya lakini unaokupeleka unakotaka ni wayo mzima, na hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia kwamba baada ya kisu utabaki bila maumivu. Maumivu ndiyo sababu ya kupasua, pamoja na kushindwa kupata kiatu chochote cha kawaida kinachovalika. Kiatu kipana mbele, chenye kisigino kifupi, kinapaswa kuwa kimejaribiwa kwanza, na kwa uvumilivu.

Gumba lililokakamaa

Kuna gumba jingine linalouma ambalo watu hulichanganya na kinundu. Hili limenyooka sawasawa, ila kiungo chake kimekwisha gegedu. Miiba midogo ya mfupa huota juu ya kiungo, na kila mtu anapojisukuma kupiga hatua kidole hugoma kukunjuka kwenda juu. Maumivu huwa juu ya kiungo, na huzidi mtu anapopanda ngazi, anapochuchumaa kwa ncha za vidole, au anapovaa kiatu laini kinachokunjika sana. Kiatu chenye soli ngumu hupunguza maumivu kwa sababu kinafanya kazi ambayo kiungo hakiwezi tena, na kwa watu wengi kinatosha kwa miaka.

Kisipotosha, na ugonjwa ukiwa bado haujafika mbali, daktari huchonga miiba hiyo pamoja na sehemu ya juu ya kichwa cha mfupa, kiasi cha robo hivi au kuzidi kidogo, ili kidole kipate nafasi ya kukunjuka. Ni upasuaji ninaouona wa haki kwa mgonjwa: unatoa kidogo, unaacha mlango wazi kwa upasuaji mwingine baadaye, na mtu huruhusiwa kukanyaga mapema. Udhaifu wake ni kwamba hauleti gegedu jipya. Kama kiungo kinauma hata katikati ya mkunjo wake, si mwishoni tu kidole kinapogota, kuchonga juu hakutaligusa tatizo.

Kiungo kikiisha kabisa, njia iliyojaribiwa kuliko zote ni kukiunganisha. Gegedu lililobaki huondolewa pande zote mbili, mifupa hupangwa kidole kikiwa kimeinuka kidogo, kisha hufungwa kwa skrubu au bamba. Kwa walio wengi mifupa huungana vizuri na maumivu ya kiungo hicho hukoma. Watu husikia neno kuunganisha wakadhani watachechemea daima, lakini wengi hutembea vizuri, hupanda milima, na wengine hukimbia, kwa sababu viungo vya jirani huchukua sehemu ya kazi. Kinachotoka ni hiki: viatu vyenye kisigino kirefu havitavalika tena, kwa kuwa pembe ya kidole imeshafungwa kwa urefu mmoja. Kupiga magoti huku vidole vikiwa vimekunjwa chini yako kutakuwa kugumu au hakutawezekana. Kwa fundi wa sakafu anayefanya kazi akiwa amepiga magoti siku nzima, hili linaweza kubadilisha uamuzi wote, na inafaa alitaje kabla hajaulizwa.

Hamu ya kuondoa maumivu bila kupoteza mkunjo imeleta viungo bandia vya gumba vya aina nyingi, na historia yake inataka tahadhari. Vile vya silikoni, kwa baadhi ya wagonjwa, vilisagika na chembe zake zikaharibu mfupa uliovizunguka. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kipandikizi cha gegedu la kutengenezwa, kidogo na laini, kilichopokelewa kwa matumaini makubwa. Mwaka 2024 mtengenezaji alikiondoa sokoni baada ya kuonekana kwamba wagonjwa waliolazimika kupasuliwa tena walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Kiungo bandia kikishindwa, mfupa uliobaki huwa mfupi na wenye shimo, na kuunganisha wakati huo ni kazi ngumu kuliko ambavyo ingekuwa mwanzoni. Upo pia upasuaji wa zamani wa William Keller, wa mwaka 1904, unaoondoa kitako cha mfupa wa kidole. Kidole hubaki kifupi na dhaifu, kwa hiyo leo huachiwa wazee wasiotembea sana ambao wayo wao hautavumilia upasuaji mkubwa.

Vidole vidogo vilivyojikunja

Kidole cha pili kinachojikunja katikati na kusugua juu ya kiatu mpaka kuota sugu mara nyingi hakina kosa. Kimesukumwa na gumba lililoegemea upande wake. Ukikinyoosha bila kulishughulikia gumba, unakirudisha mahali ambapo hakuna nafasi.

Jaribio linaloamua njia ya upasuaji ni jepesi, na unaweza kulifanya mwenyewe: shika kidole kilichojikunja ukinyooshe kwa mkono. Kikinyooka, tatizo bado liko kwenye kano, na daktari anaweza kukata kano inayokikunja au kuihamishia juu ili ikivute chini badala ya kukikunja. Kisiponyooka, kiungo kimeshaganda. Hapo kipande kidogo cha mfupa hutolewa, na mara nyingi waya hupitishwa katikati ya kidole, ncha yake ikichomoza nje kwa wiki nne hadi sita. Waya huo huwatisha watu kuliko unavyostahili. Kuutoa huchukua sekunde chache kliniki, kwa kawaida bila hata sindano ya ganzi. Kidole kilichotibiwa hivi hakikunjiki tena katikati, huwa kifupi kidogo, na hubaki kimenenepa kwa miezi.

Pale maumivu yanapokuwa chini ya wayo, kwenye vichwa vya mifupa mirefu, mfupa wenyewe unaweza kukatwa na kufupishwa kwa milimita chache ili upunguziwe mzigo. Athari inayojulikana sana ni kidole kuelea: hakigusi tena sakafu mtu anaposimama. Mara nyingi hakiumi, ila asiyeambiwa mapema huona kama ameharibiwa.

Neva iliyobanwa

Mwaka 1876 daktari Thomas Morton wa Philadelphia, Marekani, alieleza maumivu ambayo hadi leo yanabeba jina lake. Hukaa mara nyingi kati ya kidole cha tatu na cha nne. Wagonjwa husema wanahisi kama wanakanyaga kokoto ndani ya kiatu, wengine huhisi moto au shoti inayopita hadi kwenye vidole, na karibu wote hupata nafuu wakivua kiatu na kujisugua. Si uvimbe wa saratani wala uvimbe halisi. Ni neva iliyobanwa kwa muda mrefu hadi tishu zinazoizunguka zikawa nene na ngumu.

Kiatu kipana na soli yenye kinundu kidogo cha kutanua mifupa hujaribiwa kwanza. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, huja baadaye, na baadhi ya watu hupata nafuu inayodumu. Zikirudiwa mara nyingi, sindano hizo zinaweza kukondesha mafuta ya asili yaliyo chini ya wayo na kulegeza kano za jirani, kwa hiyo hazifai kuwa mazoea.

Upasuaji uliozoeleka ni kuikata neva yenyewe. Wengi hupona, na ganzi inayobaki kati ya vidole viwili huwa haiwasumbui. Hata hivyo, kati ya upasuaji wote ninaoueleza hapa, huu ndio unaohitaji mazungumzo marefu kuliko ukubwa wake. Neva iliyokatwa hujaribu kuota tena. Ncha yake ikiota vibaya mahali panapokanyagwa, hutokea kifundo kipya chenye maumivu yanayoweza kuzidi yale ya kwanza, na kupasua mara ya pili hakuleti matokeo mazuri kama mara ya kwanza. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huanza kwa kukata tu ligamenti inayoibana neva kwa juu, wakiiacha neva yenyewe nzima. Hisia hubaki, na mlango wa kuikata baadaye haujafungwa. Kabla ya yote hayo ni muhimu kuthibitisha kwamba maumivu yanatoka kwenye neva. Kiungo kilichovimba kwenye shina la kidole cha pili huiga dalili hizi kwa karibu sana, na kuikata neva isiyo na kosa humwachia mtu ganzi pamoja na maumivu yake yaleyale.

Kisigino: subira kabla ya kisu

Maumivu ya chini ya kisigino yanayochoma kwa hatua za kwanza asubuhi hutoka kwenye utando mnene unaokwenda kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Eksirei ikionyesha mwiba wa mfupa hapo, mgonjwa hutoka kliniki akiamini kwamba mwiba huo ndio unaomchoma, na kwamba ukiondolewa amepona. Watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa. Wengine wana maumivu makali na hawana mwiba. Kuutoa kwa kisu si tiba ya maumivu haya.

Wagonjwa walio wengi, hata tisa kati ya kumi kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, hupata nafuu bila upasuaji, ila kwa muda unaoweza kufika mwaka. Kunyoosha shavu la mguu na utando wenyewe kila siku, viatu vyenye mto kisiginoni, kupunguza kusimama muda mrefu, na kwa baadhi matibabu ya mawimbi ya mshtuko: haya ndiyo matibabu, na hushindwa zaidi kwa kuachwa mapema kuliko kwa kutofaa.

Wachache wanaobaki na maumivu baada ya miezi mingi ya juhudi wana njia mbili. Moja ni kukata sehemu ya utando, kwa kawaida isiyozidi nusu. Ukikatwa wote, tao la wayo hushuka na maumivu huhamia upande wa nje, kwa sababu utando huo ndio uliokuwa ukilishikilia. Njia ya pili haigusi kisigino kabisa. Baadhi ya watu wana msuli wa shavu la mguu uliokaza: goti likinyooka, wayo haupandi juu, lakini goti likikunjwa wayo hupanda vizuri. Kwa hao, kila hatua huuvuta utando kupita kiasi, na kuurefusha msuli huo kwa mkato mdogo kunaweza kutuliza kisigino. Wanachotoa ni nguvu kidogo ya kujisukuma, hasa miezi ya mwanzo. Mtu asiye na mkazo huo hana sababu ya kufanyiwa upasuaji huu, na kipimo cha goti ni cha dakika moja. Uliza kama umepimwa.

Ukucha, na wayo ulioanguka

Ukucha ulioingia kwenye nyama ndio upasuaji mdogo kuliko yote haya na pengine wenye faida ya haraka zaidi. Chini ya ganzi ya kidole tu, ukingo unaochoma huondolewa na mzizi wake huchomwa kwa dawa ya fenoli ili ukingo huo usiote tena. Ukucha hubaki mwembamba kidogo, basi. Kung'oa ukucha mzima bila kugusa mzizi, jambo ambalo bado hufanyika, humletea mtu maumivu mengi na mara nyingi ukucha hurudi vilevile.

Upande wa pili kabisa kuna tao linaloanguka kwa mtu mzima. Kano inayopita nyuma ya fundo la ndani la mguu na kulishika tao huchakaa, wayo hulala, na kisigino huelekea nje. Mwanzoni maumivu huwa upande wa ndani wa kifundo cha mguu, baadaye huhamia upande wa nje mifupa inapogongana. Hapa muda una maana kubwa. Wayo ukiwa bado unanyumbulika, daktari anaweza kuazima kano ya jirani ifanye kazi ya ile iliyochakaa, kisha akakata mfupa wa kisigino na kuusogeza ndani ili mzigo upite mahali sahihi. Viungo hubaki. Wayo ukishaganda katika hali hiyo, kinachobaki ni kuunganisha viungo vya nyuma ya wayo, na mtu hupoteza uwezo wa wayo kujipinda kulia na kushoto, ule unaotumika kwenye ardhi isiyo sawa. Kupona huchukua miezi, wiki kadhaa za mwanzo bila kukanyaga kabisa, na mwaka mzima hupita kabla ya kuona matokeo yote. Kwa hiyo tao lililokuwa zima ukiwa kijana na sasa linaanguka upande mmoja halifai kusubiriwa kama kisigino kinavyosubiriwa.

Nani asiharakishwe, na nini kifuate

Uvutaji wa sigara hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na huongeza hatari ya mifupa kutoungana. Baadhi ya madaktari hukataa kuunganisha kiungo cha mtu anayeendelea kuvuta, na wako sahihi. Mwenye kisukari anahitaji sukari iliyotulia kabla ya kisu, na anahitaji kupimwa mambo mawili ambayo yeye mwenyewe huenda hajayaona: kama mapigo ya damu kwenye wayo yapo, na kama ngozi ya chini bado inahisi. Wayo usiopata damu ya kutosha hautafunga kidonda. Wayo usiohisi hautamwambia mwenye nao kwamba skrubu imelegea au bendeji inakata.

Sehemu kubwa ya upasuaji huu hufanyika bila nusu kaputi. Ganzi huchomwa kuzunguka kifundo cha mguu au nyuma ya goti, na hudumu saa nyingi baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Mgonjwa huwa na nafuu jioni ile, kisha huamka usiku wa manane ganzi ikiwa imekwisha na maumivu yote yakiwa yamefika kwa pamoja. Dawa za maumivu zianze kunywewa kabla ganzi haijaisha.

Kwa wiki mbili za kwanza kazi ya mgonjwa ni kuinua wayo juu ya usawa wa moyo karibu muda wote. Kiatu kigumu cha upasuaji huvaliwa kwa wiki sita hivi kwa upasuaji mwingi wa mbele ya wayo. Uvimbe huendelea miezi mitatu hadi sita, kwa wengine mwaka. Aliyepasuliwa wayo wa kulia asiendeshe gari mpaka aweze kukanyaga breki kwa nguvu na ghafla bila kusita, na daktari awe amekubali. Anayehitaji nyayo zote mbili, kwa kawaida hushauriwa kuziachanisha kwa miezi, ili awe na mguu mmoja wa kumbeba.

Uvimbe unaoongezeka jioni na kupungua asubuhi ni wa kawaida. Wekundu unaosambaa, usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku za kwanza yanataka kuonwa siku hiyohiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata na kifua kikachoma, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama kidonda chenyewe kinaonekana kizuri.